Mjadala: Taarab ya mawigi ifunge usiku wa Tangamano, au wafunge wazee?

Mkaa Baraza, Ngamiani
Assalaam alaykum wana Tanga, na wasio wa Tanga mnaojitia. Naomba tulijadili hili kwa ustaarabu.

Kile kichekesho cha runinga cha Jumamosi usiku mnakijua, na wale wanaume wanne wa mawigi na madera wanaojiita kikundi cha taarab mnawajua. Kikundi hakipo. Ni cha kuigiza. Kwenye mchezo hawajawahi kumaliza wimbo hata mmoja: wakifika ubeti wa pili, ama mwenye nyumba anaingia kudai kodi, ama matroni anazozana na mpiga dumbaki. Sasa kamati ya sherehe ya mtaa imewaalika uwanja wa Tangamano. Wangeitwa kuchekesha, nisingesema kitu. Wamepewa kufunga usiku! Kikundi chetu cha wazee, chenye fidla zake na kinanda chake, kimeambiwa kifungue saa mbili, watu wakiwa bado wanatafuta viti.

Nauliza: bendi isiyokuwepo inapandaje juu ya bendi iliyopo? Mimi nasema haiwezekani. Karibuni.

Dereva Kange
Kiingilio shilingi ngapi?

Binti Chumbageni
Mkaa Baraza, waalaykum salaam. Kikundi hakipo, lakini wimbo wao wa mwiko unaimbwa na watoto wa Makorora nzima, na juzi nimeusikia kwenye daladala la Pongwe, abiria wanaitikia. Cha hao wazee wako kilichoimbwa kwenye daladala mwaka huu ni kipi? Anayefunga usiku ni yule ambaye watu hawamwachii wakaenda kulala. Basi.

Fidla Kavu
Binti Chumbageni, nakuheshimu kama mwanangu, ila daladala si mizani ya sanaa. Daladala linapiga hata tangazo la dawa ya mende na abiria wanaitikia.

Taarab ina adabu zake. Mwimbaji anakaa, anaanza taratibu, ala zinamtangulia. Mwenye lake moyoni anainuka na noti yake anakwenda kumtunza, na kila aliyeko ukumbini anajua ametunza ubeti upi na kwa ajili ya nani. Wale wa runinga wanamwonyesha matroni anazifukuzia noti mpaka chini ya meza. Wanatucheka sisi, na sisi tunawalipa.

Mgosi Mlalo
Kwani uongo? Mimi nimemwona matroni wa kweli anafukuzia noti chini ya meza. Tena hiyo noti ilikuwa yangu na sikuwa nimemtunza, ilinidondoka.

Dereva Kange
😂😂😂

Pwani Ughaibuni
Wadau, huku niliko jambo hili lilishagombaniwa zamani, tena kwa moto kuliko wenu. Mwaka 1966 shirika la utangazaji la NBC la Marekani lilianzisha kichekesho kuhusu vijana wanne wenye bendi, The Monkees. Bendi haikuwepo. Watengenezaji walitoa tangazo gazetini kutafuta vijana wanne vichaa vichaa, wakaja mamia, wakachaguliwa wanne. Wengine kati yao walikuwa waigizaji tu, ngoma hawajui inashikwa upande gani. Nyimbo zilitungwa na watu wengine, vyombo vikapigwa na mafundi wa studio, wao wakatia sauti. Zikashika namba moja.

Ilipojulikana kwamba hawakupiga vyombo vyao wenyewe, magazeti yakawavua nguo. Nao wakamgomea bosi wao wa muziki, Don Kirshner, akaondolewa, na mwaka 1967 wakatoa albamu waliyopiga kwa mikono yao. Nayo ikashika namba moja. Basi nakuuliza, Mkaa Baraza: siku ile walipopiga wenyewe, bendi ilikuwa bado haipo?

Dereva Kange
Hao si wale Waingereza wenye nywele za bakuli?

Pwani Ughaibuni
Hapana mkuu, hao unaowasema ni The Beatles, na The Monkees waliundwa kuwafuatisha hao hao. Mwingereza alikuwa mmoja tu, Davy Jones, kijana wa Manchester. Watatu Wamarekani.

Na mjue mwaka huo huo wa 1967 Jimi Hendrix aliwekwa kuwatangulia jukwaani. Hendrix! Watoto walikuwa wanapiga mayowe kumtaka Davy huku yeye anapiga gitaa. Baada ya maonyesho machache akajitoa, akaenda zake.

Fidla Kavu
Umenisaidia kijana, Mungu akuweke. Kumbe hata huko Hendrix alifungulia wacheza michezo. Leo anayekumbukwa ni nani?

Pwani Ughaibuni
Wote wanakumbukwa mzee wangu, ndiyo shida yenyewe.

Wa Mkunazini
Nimekaa kimya nasoma. Niseme moja nijiondokee. Nyinyi watu wa Tanga mnagombania heshima ya taarab ambayo tangu hapo ilikuwa ni dansi lililovalishwa kanzu. Magitaa, besi, vibongo. Taarab yenyewe iko Unguja. Mkiwapa wenye mawigi wafunge, mkiwapa wazee wafunge, kwetu ni hayo hayo.

Fidla Kavu
Dansi lililovalishwa kanzu?

Mkaa Baraza, Ngamiani
Jamani tusitoke kwenye mada.

Fidla Kavu
Mkaa Baraza nisamehe, mada itasubiri. Nimjibu huyu.

Wa Mkunazini, Black Star Musical Club ya hapa Tanga ndiyo iliyoitoa taarab ukumbini kwa mabwana wakubwa ikaileta mtaani. Gitaa la umeme, besi, kinanda, ngoma inayomwinua bibi harusi kitini. Wimbo unaingia, unasema lake, unatoka. Nyinyi kwenu ala zinatangulia mpaka chai inapoa. Mombasa waliisikia ya kwetu wakaifuata, Dar wakaifuata. Hiyo mnayoiita taarab ya kisasa inayopigwa kila harusi leo, mlango wake ni Tanga. Na walipotoka wengine wakaunda Lucky Star, mji mmoja ukawa na vikundi viwili vya kuuzana maneno usiku kucha. Sema tena dansi.

Wa Mkunazini
Nasema tena. Kikundi chetu cha Nadi Ikhwan Safaa kipo tangu 1905, na hadi leo kinapiga. 1905, mzee! Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri, Tanga mlikuwa mnafanya nini? Mnachuma mkonge.

Mgosi Mlalo
Huo mkonge nao tulichumishwa, hatukwenda kwa raha zetu. Chunga mdomo.

Binti Chumbageni
Na Siti aliipeleka taarab kwa watu wa Ng'ambo kwa Kiswahili wakati ikulu wanasikiliza za Kiarabu. Yaani huyo unayemtaja alifanya lile lile unalolitukania Tanga: kuiteremsha. Akiteremsha Siti ni heshima, akiteremsha Shakila wa Tanga ni dansi. Sawa tu.

Mpangani Halisi
Shakila wa wapi?

Dereva Kange
Haya, tumekwisha.

Mpangani Halisi
Nauliza tena, Shakila wa wapi? Bibi Shakila Saidi kazaliwa Pangani. PANGANI. Mpaka watu wakubali hili siondoki. Kila kizuri kikitoka Pangani kinavuka kinakuwa cha Tanga, na kibovu kikitokea mnasema "wale wa Pangani". Mmetuchukulia bandari, mmetuchukulia makao makuu ya mkoa, sasa mnatuchukulia na marehemu wetu.

Binti Chumbageni
Pangani si Mkoa wa Tanga?

Mpangani Halisi
Mkoa ndiyo. Wewe uliposema "wa Tanga" ulikuwa unasema mkoa? Ulisema mji. Nakujua.

Mkaa Baraza, Ngamiani
Mpangani, alizaliwa Pangani, akaimba Tanga na Lucky Star, watu wa Tanga wakamjua. Yote yana nafasi. Turudi kwenye Tangamano.

Mpangani Halisi
Hata hilo hamlijui. Alianza Black Star, ndipo Lucky Star, na baadaye akaenda taarab ya jeshi, JWTZ. Alipofariki Agosti 2016 alikuwa Dar. Mngekuwa mnampenda hivyo, mngemwita afunge Tangamano akiwa hai.

Fidla Kavu
Hapo umenigusa Mpangani. Sina la kujibu juu ya hilo. Ila kuhusu dansi, Wa Mkunazini bado ananidai na mimi namdai.

Mgosi Mlalo
Nisaidie kuwarudisha. Mnasema kichekesho na muziki haviwezi kulala kitanda kimoja. Wagosi wa Kaya je? Vijana wa hapa hapa. Walipotoka na lafudhi yao ya milimani, nchi nzima ilicheka. Nilikuwa Dar wakati ule, nikifungua mdomo tu watu wananiitikia "mgosi!" Halafu ukatoka wimbo wao "Wauguzi", wa kuwasema wauguzi. Wauguzi hawakucheka hata kidogo. Mnaona? Mtu anakuja anakuchekesha, ukishafungua mdomo wote anakutia dawa.

Binti Chumbageni
Na nyongeza. Miaka ya tisini vikundi vya TOT na Muungano walipokuja kupiga, usiku mmoja ulikuwa na nini? Ngoma, sarakasi, ngonjera, kichekesho, na taarab. Khadija Kopa anarusha kombora upande huu, Nasma Khamis anajibu upande ule. Aliyekuja kucheka na aliyekuja kusikiliza mipasho walikata tiketi moja. Sasa Fidla Kavu anatuambia taarab ni ibada.

Fidla Kavu
Sikusema ibada. Na hiyo TOT kichekesho kilikaa mahali pake, taarab mahali pake. Mchekeshaji hakuvaa wigi akamwambia Khadija Kopa ampishe.

Dereva Kange
Angethubutu? 😂

Ustadh wa Sahare
Mimi nina swali moja dogo. Mwanamume kuvaa dera hadharani, tena mbele ya watoto, hilo limepita hivi hivi? Mnajadili nani afunge. Hakuna anayejadili nini kimefungwa kiunoni.

Binti Chumbageni
Ustadh, nilikuwa nalisubiri ila kwa mlango mwingine. Linaloniuma si dera. Linaloniuma ni kwamba mwanamke akisimama kuimba mipasho ya kweli anaitwa hana haya, kalelewa vibaya, mumewe yuko wapi. Mwanamume akivaa wigi akaimba maneno yale yale, kwa mikono kiunoni ile ile, anaitwa kipaji na analipwa zaidi ya wazee wote wa Mkaa Baraza wakijumlishwa. Shangazi yangu kaimba kwenye makesha ya harusi mji huu maisha yake yote. Hakuna aliyempa jukwaa la kufunga wala la kufungua. Wamemwangalia, wamemuiga mpaka anavyokohoa kabla ya kuanza, na jina lake hawalijui.

Ustadh wa Sahare
Hayo ya shangazi ni dhuluma, nakubaliana nawe. Dera bado.

Mkaa Baraza, Ngamiani
Sasa Binti, kumbe tuko pamoja! Wewe pia hutaki wafunge.

Binti Chumbageni
Sikusema hivyo. Nataka wafunge, halafu wamlipe shangazi.

Wa Mkunazini
Nimerudi. Hakuna aliyejibu 1905.

Fidla Kavu
Umri si hoja. Kobe wa Changuu ana umri kuliko Ikhwan Safaa, na haimbi.

Wa Mkunazini
Kobe ameingiaje! Huu ndio ustaarabu wa Tanga?

Mgosi Mlalo
Waja leo, waondoka leo. Wewe umeonywa tangu stendi.

Pwani Ughaibuni
Naomba niendelee kidogo na habari yangu, maana haijaisha, na kipande kilichobaki ndicho kinachohusu shangazi wa Binti.

Yule Kirshner aliyefukuzwa na The Monkees alijifunza. Alisema kimoyomoyo: bendi ya watu inagoma, basi natafuta isiyoweza kugoma. Akachukua The Archies, bendi ya katuni. Vijana wa kuchorwa! Mwaka 1969 wimbo wao "Sugar, Sugar" ulishika namba moja Marekani na Uingereza. Namba moja, wimbo wa watu wa wino na karatasi. Sauti ya mbele ilikuwa ya kijana anaitwa Ron Dante. Wimbo unapigwa kila redio, naye anapita njiani hakuna anayegeuka, maana uso unaojulikana ni wa katuni. Katuni haidai mshahara wala haiendi gazetini kulalamika.

Kwa hiyo mimi, badala ya kuuliza kama bendi ipo au haipo, ningeuliza nani yuko nyuma ya wigi.

Dereva Kange
Nyuma ya wigi kuna kipara. Nimempakia.

Fidla Kavu
Kijana wa ughaibuni unaandika vizuri, ila unatuletea mifano ya wenye studio. Hapa tunazungumzia uwanja wa Tangamano na spika mbili za kukodi.

Pwani Ughaibuni
Mzee, kikundi cha kuigiza cha Spinal Tap je? Kilianza kama kipande cha kuchekesha kwenye runinga mwaka 1979, wanawadhihaki wapiga roki wenye majivuno. Ikaja filamu 1984. Mwaka 1992 wakapiga Royal Albert Hall, London, watu wamekata tiketi, wanaimba nao. Walioigiza walikuwa wanapiga vyombo kweli. Utani wao ulifanya kazi kwa sababu muziki ulikuwa umekaa sawa. Muziki ukiwa mbovu utani unakufa. Nendeni mkausikilize huo wimbo wa mwiko kwa masikio, muache macho.

Mkaa Baraza, Ngamiani
Wimbo wenyewe ni upuuzi. Mtu kaazima mwiko karudisha mchafu. Hiyo ni mada ya taarab?

Binti Chumbageni
Hiyo NDIYO mada ya taarab. Wewe ulifikiri inahusu mwiko?

Nauweka hapa kwa wasioujua:

*Mwiko wangu umerudi, una ukoko wa jana,*
*Hukubisha hata hodi, ukanikwepa mchana,*
*Kuazima si zawadi, nakudai kwa bayana,*
*Uoshe kwanza urudi, ndipo tuseme ungwana.*

Mgosi Mlalo
Astaghfirullah. Mke wangu anauimba akiwa anafua. Nilidhani kweli ni mwiko.

Dereva Kange
Mgosi pole sana 😂😂 Rudi nyumbani haraka.

Fidla Kavu
Ngojeni.

Nimehesabu. Nane kwa nane. Vina vya kati "di" mistari yote minne, vya mwisho "na" mistari yote minne. Hakuna mzani uliolegea. "Nakudai kwa bayana" si neno la kijana wa runinga. Huyu ni mtu aliyekaa na washairi. Nani kautunga?

Wa Mkunazini
Katoka Unguja bila shaka.

Fidla Kavu
Wewe nyamaza.

Mpangani Halisi
"Una ukoko wa jana." Hiyo ni Pangani tupu.

Mama Mikanjuni
Mimi nimo kwenye kamati. Nimesoma maneno yenu yote, na mengine nimeyahifadhi, maana tunaonana mtaani.

Niseme ukweli. Tulikaa kikao, tukahesabu. Mwaka uliopita wazee walifunga. Ilipofika saa nne na nusu viti vya mbele vilikuwa na watoto waliolala na mwenye mihogo aliyekuwa anasubiri kufunga biashara. Mwenye jenereta anataka hela yake, mwenye spika anataka yake, kibali kina gharama yake. Watu wanakaa kusubiri cha mwisho. Cha mwisho kikiwa wazee, wanaondoka na cha kwanza. Sisi hatuna chuki na mtu. Na hao wa runinga wamedai mara mbili ya wazee, tumewapunguza.

Na anayesema bendi haipo: fomu ya kibali tumejaza jina lao lile lile la kwenye mchezo. Afisa akauliza, hiki kikundi kimesajiliwa BASATA, Baraza la Sanaa? Tukatazamana. Nikasema kimesajiliwa kwenye runinga. Akacheka akasema mleteni mwenyewe.

Mkaa Baraza, Ngamiani
Ahaa! Kumbe hata kibali hakijatoka!

Mama Mikanjuni
Kitatoka. Wewe kikundi chako cha wazee kimesajiliwa?

Mkaa Baraza, Ngamiani
Hilo si suala la hapa.

Dereva Kange
Mleta mada kakimbia mada yake.

Binti Chumbageni
Mchekeshaji wetu King Majuto angekuwepo leo angewafunga wote, wazee na mawigi. Anaingia, hasemi kitu, anaangalia tu kiti, watu chini.

Mgosi Mlalo
Allah amrehemu. Tangu Agosti 2018 tulipomzika, Tanga haijapata mtu wa kuangalia kiti. Lakini Majuto hakujifanya mwanamuziki.

Binti Chumbageni
Na Masanja wa Orijino Komedi je? Kutoka kuchekesha mpaka kuimba injili, na watu kanisani wanalia machozi. Hakuna aliyemwambia atoe kwanza cheti cha huzuni.

Ustadh wa Sahare
Cheti cha huzuni 😂 Hili nalichukua.

Kinanda Nyuma ya Pazia
Samahanini wakubwa. Mimi huwa nasoma tu. Nimeona mnauliza nani katunga mwiko.

Nimetunga mimi. Si peke yangu: mistari miwili ya mwanzo ni ya bibi yangu, alikuwa anamwimbia jirani ukutani. Mimi nikatia miwili iliyobaki. Hata kinanda mnachosikia kwenye kile kichekesho ni changu. Wale wanne wanaigiza. Mmoja anajua kuimba kidogo, watatu wanafungua mdomo. Siku ya kurikodi natoka Tanga na basi la alfajiri, napiga nyuma ya pazia jekundu, kamera hainigeukii. Nalipwa elfu thelathini na nauli, na nauli ni ya kwenda.

Tangamano nimeambiwa nitakuwepo, nyuma ya pazia vile vile.

Na Mzee Fidla, shikamoo. Hunijui kwa jina hili. Mimi ndiye ninayepiga na nyinyi Alhamisi.

Fidla Kavu
Marahaba.

Wewe ndiye?

Kinanda Nyuma ya Pazia
Ndiye mzee.

Fidla Kavu
Kwa hiyo saa mbili utafungua na sisi, na saa tano utafunga na wao.

Kinanda Nyuma ya Pazia
Kinanda chenyewe kimoja. Nilikuwa nafikiri jinsi ya kukihamisha nyuma ya pazia bila watu kuona.

Dereva Kange
Hahahahaha huu uzi nauprinti nautundika garini.

Pwani Ughaibuni
Ron Dante wa Ngamiani!

Mkaa Baraza, Ngamiani
Hii haibadilishi hoja yangu. Tena inaipa nguvu. Kama muziki wa mawigi ni wa mtu wetu, basi mtu wetu apande kwa jina lake, na mawigi yakae nyumbani.

Binti Chumbageni
Akipanda kwa jina lake watakaa wangapi? Wewe mwenyewe hukumjua, na unakwenda kila Alhamisi.

Mpangani Halisi
Kijana, bibi yako mtu wa wapi?

Kinanda Nyuma ya Pazia
Bweni, ng'ambo ya kivuko.

Mpangani Halisi
NILISEMA. NILISEMA MIMI. Ukoko wa jana! Pangani hiyo! Andikeni!

Wa Mkunazini
Bweni ipo na Unguja.

Mpangani Halisi
Ng'ambo ya KIVUKO kasema. Wewe kwenu kivuko kinavuka mto gani?

Fidla Kavu
Kijana, nina la kukuuliza, na nakuuliza hapa mbele za watu kwa sababu nyinyi vijana mkiulizwa pembeni mnaficha. Noti wanazotunzwa wale matroni wa uongo wakialikwa harusini, wewe unapata nini?

Kinanda Nyuma ya Pazia
Sipati mzee. Wanasema mtu katunza wigi.

Fidla Kavu
Katunza wigi.

Mama Mikanjuni
Hapo kamati inaingia. Pale Tangamano noti zote zitakwenda kwenye beseni moja, na beseni nitalikalia mimi. Zitagawiwa kwa aliyeimba, aliyepiga na aliyetunga. Asiyetaka asije.

Ustadh wa Sahare
Hapo dera tumelisahau, lakini kwa hilo la beseni nakuunga mkono.

Mkaa Baraza, Ngamiani
Na nani afunge?

Mama Mikanjuni
Mkaa Baraza, wewe lete kwanza usajili wa wazee wako. Kijana wa kinanda, njoo Jumatatu baada ya adhuhuri nyumbani kwangu Mikanjuni, nyumba yenye geti la bluu lisilofungika. Tuandike jina lako na la bibi yako kwenye tangazo.

Kinanda Nyuma ya Pazia
Mama yangu, la bibi liandikwe kubwa kabisa. La kwangu hata lisipoandikwa. Mimi nitaomba nauli ya kwenda na kurudi, na changu mkononi kabla sijafunua kinanda.

Mama Mikanjuni
Utapewa. Njoo na kitambulisho, na usije na matroni.